Ulinzi wa Mzazi Mpya: Historia ya Kumsaidia Mbwa Anayezaa kwa Mara ya Kwanza

Katika wanyama wote wanaofugwa, hakuna aliyeishi na binadamu kwa muda mrefu kuliko mbwa. Mabaki yaliyofukuliwa Bonn-Oberkassel nchini Ujerumani, ambako mbwa ambaye bado hajakomaa alizikwa pamoja na mwanamume na mwanamke, yana umri wa miaka 14,000 hivi, na uchunguzi wa meno yake umeonyesha kwamba aliugua sana akiwa na miezi michache tu, akapona kwa muda kwa sababu kulikuwa na watu waliomhudumia. Huruma ya namna hiyo, basi, ni ya kale mno. Jambo lililochelewa ni elimu ya saa na siku za mwanzo kabisa, yaani namna ya kumsaidia mama aliyezaa kwa mara ya kwanza, ambaye hajawahi kusikia uchungu, hajawahi kuona kiumbe kilichofungwa katika utando wa kondo, wala hajawahi kunyonywa, na ambaye mara nyingi huingiwa na hofu ya yale yanayotoka mwilini mwake mwenyewe.

Dalili za hofu hiyo zinajulikana na kila mfugaji. Mama huhema, hulalama, hutoka kitandani na kurudi, humbeba mtoto mdomoni na kumhamisha kutoka pembe moja hadi nyingine, au husimama ghafla kila mtoto anapoishika chuchu. Wengine hulamba kitovu kupita kiasi hadi wakakijeruhi. Wachache huwaua watoto wao. Maandishi yanayomzungumzia mama wa namna hii yana umri wa miaka 2,400 hivi, na yakisomwa kwa mfululizo yanaonyesha kwamba, pamoja na mashauri yote kuhusu chakula na dawa, waandishi wake walikuwa wakishindana juu ya jambo moja, nalo ni umbali ambao mtu anapaswa kukaa kati yake na mzazi: amwachie, amnyang'anye, amjaribu, au amlinde.

Xenophon wa Athens, askari na mwandishi aliyeishi miaka mingi Scillus karibu na Olympia, aliandika kitabu kifupi kuhusu uwindaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na ndani yake akatoa mashauri ambayo hata leo hayana kasoro kubwa. Alisema kwamba mbwa mwenye mimba asichoshwe kwa kuwindishwa mfululizo asije akaiharibu mimba, kwamba mimba huchukua siku 60, na kwamba watoto wakizaliwa waachwe kwa mama yao wala wasipelekwe kwa mbwa mwingine, kwa kuwa malezi ya mgeni hayakuzi, ilhali maziwa ya mama, pumzi yake na kumbatio lake huwafaa. Neno hilo la pumzi linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu Xenophon hakuwa na elimu ya joto la mwili wala ya harufu, lakini macho yake yalikwisha kuona kwamba mtoto wa mbwa hupata kwa mama yake kitu zaidi ya chakula. Aristotle, aliyeandika baadaye kidogo katika karne hiyohiyo, alikuwa mpimaji zaidi kuliko mfugaji: alihesabu siku za mimba za mbwa wa Laconia, eneo la Sparta, akazikuta ni 60 au zaidi kwa siku moja, mbili au tatu, akaongeza kwamba watoto wao hukaa siku 12 bila kuona. Hesabu ya mimba anayoitumia daktari wa wanyama wa sasa, siku 63 tangu yai kutoka katika ovari, haiko mbali na hiyo.

Warumi waliupeleka mjadala shambani, na hapo ndipo sauti inapobadilika. Marcus Terentius Varro, aliyeandika kuhusu kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo akiwa mzee wa karibu miaka 80, alimtazama mbwa kama mlinzi wa kondoo, akaagiza kwamba mama mwenye mimba alishwe mkate wa shayiri badala ya ngano, kwamba watoto wakiwa wengi mwenye mbwa achague mara moja anaotaka kubaki nao na kuwatupa wengine ili maziwa yawatoshe waliosalia, na kwamba watandikiwe makapi ya nafaka, kwa maana malazi laini hurahisisha malezi. Aliwataka pia wafugaji wasiwatenganishe watoto na mama kwa miezi miwili ya kwanza, wawazoeshe kidogo kidogo. Ni ukatili na uangalifu vilivyochanganywa katika aya moja, na mchanganyiko huo uliendelea kuonekana katika mabanda ya Ulaya kwa karne 18 zilizofuata.

Aliyemtaja waziwazi mama wa mara ya kwanza ni Columella, mzaliwa wa Gades, mji wa Hispania unaoitwa leo Cádiz, katika kitabu cha saba cha maandishi yake ya kilimo ya karne ya 1 baada ya Kristo. Hukumu yake ni nzito: uzao wa kwanza uondolewe kwa mama, kwanza kwa sababu mama asiye na uzoefu hanyonyeshi sawasawa, na pili kwa sababu kazi ya kulea humzuia yeye mwenyewe kukua. Sababu ya pili ndiyo inayoifungua ile ya kwanza. Mbwa jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi sita hadi mwaka mmoja hivi, wakati mifupa yake na tabia yake bado havijakamilika. Akipandishwa wakati huo huzaa akiwa yeye mwenyewe ni mtoto. Anayelalamika kwamba mama huyo ananyonyesha vibaya anailaumu asili kwa kosa lililofanywa na mwenye banda, na ndiyo maana wafugaji makini wa leo husubiri joto la pili au la tatu. Hata hivyo haifai kumdharau Columella, kwa kuwa ukurasa huohuo unamwonyesha akikataza watoto wa ukoo mzuri wasilelewe kwa chuchu za mbwa mwingine, akirudia wazo la Xenophon kuhusu maziwa na pumzi ya mama, na akishauri kwamba mama akikaukiwa watoto wapewe maziwa ya mbuzi hadi miezi minne. Asichoweza kukijua ni kwamba maziwa ya mbwa yana mafuta kiasi cha asilimia 9 na protini asilimia 7 au 8, takriban maradufu ya yale ya mbuzi au ng'ombe, hivyo mtoto aliyelelewa kwa shauri lake alikuwa akijaza tumbo huku akibaki na njaa.

Warumi hao walikuwa pia na tabia ya kumgeuza mama kuwa mwamuzi. Pliny, aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa Vesuvius, aliandika kwamba mtoto bora katika uzao ni yule anayechelewa kuliko wote kuona, au yule ambaye mama humbeba kwanza kumrudisha kitandani. Nemesianus wa Carthage, mshairi wa uwindaji wa miaka ya 280, alilikuza wazo hilo hadi likawa jaribio: watoto wawekwe katikati ya duara, moto uwashwe kuwazunguka, kisha mama aachiwe awaokoe, na utaratibu wa kuwabeba uwe ndio utaratibu wa ubora wao. Linalohuzunisha katika shauri hili ni kwamba linachukua dalili kubwa ya hofu ya mama mpya, yaani kuwahamisha watoto kwa mdomo, na kuigeuza kuwa elimu. Mama huvutwa na mtoto anayelia na aliye karibu, wala hafanyi hesabu ya thamani ya kila mmoja, na mfugaji aliyefuata jaribio hilo hakujifunza lolote isipokuwa namna ya kumvunja moyo mbwa wake.

Mfano ulio kinyume kabisa na huo umehifadhiwa katika fasihi ya Kiarabu. Al-Waqidi, mwanahistoria mzaliwa wa Madina aliyefariki mwaka 823, anasimulia katika kitabu chake cha vita vya Mtume kwamba katika Ramadhani ya mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na Januari 630, jeshi la Waislamu, ambalo mapokeo hulihesabu kuwa la watu 10,000, lilipokuwa likielekea Makka lilipita mahali panapoitwa al-Arj, na hapo Mtume Muhammad akamwona mbwa akilalama juu ya watoto wake waliokuwa wakinyonya. Akamwagiza sahaba mmoja, Ju'ayl ibn Suraqa, asimame mbele ya mbwa huyo ili yeyote katika jeshi asimsumbue yeye wala watoto wake. Kwa mtazamo wa historia ya malezi ya wanyama, simulizi hii ina uzito usiopewa nafasi ya kutosha, kwa sababu hapa hakuna anayemshika mama, hakuna anayehesabu watoto wala kuchagua aliye bora. Msaada wote ni mtu mmoja aliyewekwa baina ya mzazi na rabsha. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayotaka chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, mara nyingi watu huikumbuka hukumu ya kuosha na kuisahau simulizi ya al-Arj, ilhali fiqhi hiyohiyo inaruhusu mbwa afugwe kwa ajili ya kuwinda, kuchunga mifugo na kulinda mazao. Kumlinda mzazi kwa umbali ni jambo linalowezekana hata kwa mtu ambaye dini yake inamtaka asiguse mate yake.

Ulaya ya zama za kati iliandika mengi kuhusu mbwa wa makabaila, na maandishi maarufu zaidi, kitabu cha uwindaji kilichoanzwa mwaka 1387 na Gaston Fébus, mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, na kile kilichotoholewa kutokana nacho na Edward wa York mwanzoni mwa karne ya 15, yanaeleza mabanda yenye moto wa kuwapasha mbwa joto na kijana anayelala humo usiku ili wasipigane. Mama mzazi hakupata uangalizi wa pekee wa kiasi hicho. Ni katika karne ya 18, wakati uwindaji wa mbweha ulipokuwa shughuli kubwa ya mabwana wa mashamba wa Uingereza, ndipo malezi ya watoto wa mbwa yalipopangwa kwa utaratibu ulioandikwa. Peter Beckford, katika barua zake kuhusu uwindaji zilizochapishwa mwaka 1781, alishauri kwamba mbwa anayependwa na bwana wake akizaa watoto wengi kuliko awezao kulea, baadhi yao wawekwe kwa mama mwingine. Na wakishaachishwa ziwa, watoto walipelekwa kwa wakulima wa jirani wakakulie huko, desturi ambayo Waingereza waliiita kuwatembeza watoto na ambayo baadaye ilirithiwa na kazi ya heshima zaidi kuliko uwindaji.

Kutoka kwa shauri la Beckford ulikua utaratibu mzima wa mbwa mnyonyeshaji, yaani mbwa wa kawaida aliyezaa siku zilezile na ambaye aliletewa watoto wa mbwa wa thamani awalee. Katika karne ya 19, hasa kwa wafugaji wa mbwa wembamba wa mbio, na zaidi baada ya maonyesho ya mbwa kuenea na chama cha Kennel Club kuundwa London mwaka 1873, mnyonyeshaji alinunuliwa au kukodishwa kama chombo kingine chochote cha banda. Daktari John Henry Walsh, aliyehariri gazeti la The Field na kuandika kwa jina la Stonehenge, ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa wafugaji hao, na kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu mbwa katika afya na ugonjwa kilisomwa kwa miongo mingi. Wafugaji walijua kwamba mnyonyeshaji humtambua mwanawe kwa pua, kwa hiyo waliwapaka wageni maziwa yake au kuwachanganya na watoto wake kwa muda hadi harufu zikafanana. Ustadi huo ulikuwa wa kweli na bado unaokoa watoto waliofiwa na mama. Gharama yake, hata hivyo, haikuandikwa katika daftari la mtu: watoto wa mnyonyeshaji waliuawa ili kupisha wengine, na mama wa ukoo bora, ambaye huenda alikuwa na hofu ya siku moja au mbili tu, alihesabiwa kuwa hafai kulea na hakupewa nafasi ya kujifunza. Hukumu ya Columella ilikuwa imepata soko.

Mabadiliko yalitoka maabara, na yalikuja bila mtu kukusudia kumsaidia mbwa. Mwaka 1892 Paul Ehrlich, mtaalamu wa kinga wa Ujerumani, aliwabadilisha watoto wa panya kati ya mama wenye kinga na wasio nayo, akathibitisha kwamba kinga hupita katika maziwa. Kwa mbwa jambo hili ni zito kuliko kwa binadamu, kwa sababu kondo la mbwa hupitisha sehemu ndogo tu ya kingamwili, kadiri ya asilimia 5 hadi 10, na zilizobaki zote zimo katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ambayo utumbo wa mtoto huweza kuyafyonza pamoja na kingamwili zake kwa muda wa saa 24 hivi na kisha kujifunga. Mnyonyeshaji aliyezaa siku kadhaa kabla hakuwa tena na dang'a. Kwa hiyo mtoto aliyehamishwa mapema alipata shibe akakosa silaha, na sehemu ya vifo ambavyo wafugaji walivitupia udhaifu wa ukoo ilianzia hapo.

Hatua ya pili ilihusu hofu yenyewe. Mwaka 1906 Henry Dale, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba kitu kilichokamuliwa katika sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, husababisha mji wa mimba kujikaza. Miaka minne baadaye ilionekana kwa mbuzi kwamba kitu hichohicho huyasukuma maziwa nje, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza homoni yenyewe, oksitosini, katika maabara ya New York, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Mwaka 1979 Cort Pedersen na Arthur Prange wa North Carolina waliwadunga oksitosini katika ubongo panya majike ambao hawajawahi kuzaa, baada ya kuwaandaa kwa homoni ya estrojeni, na wengi wao wakaanza kuwakusanya na kuwalamba watoto wasio wao. Lililokuwa likiitwa moyo wa mama lilionekana kuwa na mlango wa kimwili, unaofunguliwa na uchungu wa kuzaa, na kupanuliwa na kila mtoto anayenyonya.

Mlango huo unaweza kufungwa. Ely na Petersen, watafiti wa Marekani, walithibitisha mwaka 1941 kwamba ng'ombe aliyeshtuliwa wakati wa kukamuliwa, kwa mifuko ya karatasi iliyopasuliwa karibu naye, huzuia maziwa yake, na kwamba kumdunga adrenalini, homoni ya hofu na mapambano, kunaleta matokeo yaleyale. Kanuni hiyo inaeleza duara linalomkumba mama mpya: kelele au msongamano humtia hofu, hofu huyazuia maziwa, mtoto asiyepata maziwa hulia, na kilio humzidishia mama hofu. Inaeleza pia kwa nini mama aliyezalishwa kwa upasuaji, ambaye watoto wake walitolewa akiwa katika usingizi wa dawa, mara nyingi huamka akawatazama kama wageni, kwa kuwa mwili wake haukuupitia ule msukumo unaofungua mlango. Wakunga wa mbwa huwapaka watoto hao majimaji ya uzazi, humlaza mama ubavu na kuwaweka kwenye chuchu akiwa bado ana usingizi, ili kunyonya kwenyewe kufanye kazi ambayo uchungu haukuifanya. Katika hali nyingi saa chache za uangalizi wa namna hiyo hutosha.

Elimu ya joto ilikuja kwa njia ya polepole zaidi. Joto la mama, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 na nusu hivi, hushuka chini ya nyuzi 37.2 siku moja hivi kabla ya kuzaa, kwa sababu homoni ya projesteroni inayoitunza mimba hupungua, na kipimajoto cha kawaida kikawa ndicho kinachomwambia mfugaji kwamba wakati umefika. Mtoto naye huzaliwa bila uwezo wa kutetemeka ili ajipashe moto, na hukaa hivyo kwa siku kama sita au zaidi. Joto lake likishuka sana utumbo wake huacha kufanya kazi, hawezi kunyonya, na mama humsukuma kando kana kwamba amekwisha kufa. Wafugaji wa zamani walimwona mama akimkataa mtoto huyo wakasema ni mama mbaya, au wakasema mama ameujua ugonjwa uliofichika. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa ni baridi tu, na mtoto aliyepashwa joto taratibu kabla ya kulishwa alipokelewa tena.

Kifaa kinachokusanya elimu hii yote ni sanduku la kuzalia: boma la mbao lenye kuta fupi, upana wa kumtosha mama kujinyoosha, tandiko lisiloteleza, na mahali pa joto upande mmoja ili watoto wachague wenyewe kukaribia au kujitenga. Sehemu yake yenye busara kuliko zote imetoka katika banda la nguruwe, ambako mama mzito huwalalia watoto wake. Papi za mbao hupigiliwa kuzunguka kuta, zikiacha nafasi ndogo kati yake na ukuta, na mama anapojitupa chini mtoto aliyeko pembeni hubaki salama chini ya papi. Mama mwenye uzoefu huchungulia na kuzunguka kwa uangalifu kabla ya kulala. Mama mpya, hasa akiwa na wasiwasi, hujitupa popote, na papi hizo humlinda dhidi ya kosa ambalo baada ya wiki moja hatalifanya tena. Sanduku zuri huwekwa katika chumba kisichopitwa na watu, na mama huzoeshwa kulala humo siku kumi au zaidi kabla ya kuzaa, kwa kuwa anayewekwa mahali pageni uchungu ukiwa umeanza hutumia nguvu zake kutafuta njia ya kutoka.

Waliofanya uangalizi wa mama na watoto kuwa somo la chuo walikuwa wachache. Rudolf na Rudolphina Menzel, mume na mke wa Austria waliozalisha mbwa aina ya boksa mjini Linz, walichapisha mwaka 1937 utafiti kuhusu mtoto wa mbwa na mazingira yake, kisha mwaka uliofuata wakaikimbia nchi iliyotwaliwa na Wanazi na kuhamia Palestina, ambako waliendelea na kazi hiyo karibu na Haifa. Katika maabara ya Bar Harbor, katika jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walianzisha katikati ya miaka ya 1940 mradi uliodumu karibu miaka 20 na kuzaa kitabu cha mwaka 1965 kuhusu urithi na tabia za mbwa. Miongoni mwa aina tano walizochunguza alikuwamo basenji, mbwa wa wawindaji wa Kongo ambaye habweki kama wengine na ambaye majike wake kwa kawaida huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali aina nyingi huingia mara mbili. Katika maabara hiyohiyo Harriet Rheingold alikaa akihesabu, siku baada ya siku, muda ambao mama aliutumia akiwa na watoto, muda wa kulamba na muda wa kunyonyesha, na maandishi yake ya mwaka 1963 yalionyesha jinsi mama anayekaa na watoto karibu wakati wote mwanzoni anavyojiondoa hatua kwa hatua kadiri wiki zinavyopita. Mfugaji mwenye hofu, anayemwona mama akitoka kitandani wiki ya nne na kumlaumu kwa kuwatupa wanawe, angepata faraja katika majedwali hayo.

Kazi iliyoyatumia matokeo hayo kwa upana mkubwa ni ile ya mbwa waongozao vipofu. Nchini Uingereza mbwa wanne wa kwanza walifunzwa Wallasey mwaka 1931. Mwanzoni vyama vya kazi hii vilitegemea sana mbwa wakubwa waliotolewa au kununuliwa, na wengi wao walishindwa mafunzo. Clarence Pfaffenberger, aliyefanya kazi na kituo cha San Rafael huko California na kushirikiana na watafiti wa Bar Harbor, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba mwaka 1946 ni asilimia 9 tu ya mbwa walioanza mafunzo kituoni hapo waliofaulu, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 waliofaulu walifika asilimia 90, baada ya kituo kuanza kuzalisha mbwa wake, kuwapima watoto wakiwa wadogo na kuwalea kwa utaratibu. Derek Freeman alifanya kazi kama hiyo Uingereza tangu miaka ya 1950, akiwapeleka watoto katika nyumba za watu wa kujitolea, desturi ileile ya wawindaji wa Beckford ikiwa sasa imepata shabaha nyingine, na mwaka 1970 kituo cha kuzalishia cha Tollgate House kikafunguliwa karibu na Warwick. Akina mama wenyewe pia waliishi katika nyumba za watu badala ya mabanda. Uamuzi huo ulimgusa mama mpya moja kwa moja, kwa kuwa mbwa aliyezoea sauti za nyumba na mkono wa mtu mmoja anayemfahamu huuingia uzazi wake wa kwanza akiwa na mtu wa kumwamini, na mtu huyo anaweza kumshikia mtoto kwenye chuchu bila kumtisha.

Swali la kiasi gani mama arahisishiwe kazi halijatulia hata sasa. Mwaka 2016 Pernilla Foyer na wenzake walichapisha utafiti wa mizao 22 ya mbwa wachungaji wa Kijerumani wa jeshi la Sweden, wakaonyesha kwamba kiasi cha malezi ya mama katika wiki tatu za kwanza, kama kukaa kitandani, kulamba na kunyonyesha, kilihusiana na tabia za watoto walipokuwa wakubwa. Waliopata malezi mengi walikuwa wepesi wa kushirikiana na watu na kukabili mambo. Mwaka uliofuata Emily Bray na wenzake, waliowachunguza mama 23 na watoto 98 katika kituo cha The Seeing Eye huko New Jersey, walipata matokeo yanayoelekea upande mwingine: watoto wa mama waliojishughulisha nao kupita wengine ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa mafunzo ya kuwaongoza vipofu, na watoto ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamelala, jambo linalorahisisha kunyonya, walifaulu kwa uchache kuliko wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wameketi au kusimama.

Tafiti hizi mbili hazikupima kitu kilekile, kwa sababu askari wa Sweden na kipofu wa New Jersey hawatafuti mbwa wa tabia moja, na mtoto aliyepambana kidogo kuifikia chuchu huenda amejifunza subira ambayo barabara yenye magari inaihitaji. Zote mbili, hata hivyo, zilifanywa kwa kumwangalia mama akiwa na wanawe bila kuingilia alichofanya, na katika zote mbili tofauti kati ya mama mmoja na mwingine zilionekana tangu wiki za mwanzo. Kwa mfugaji mwenye mbwa wa uzazi wa kwanza, matokeo hayo, pamoja na elimu iliyotangulia, yanamhimiza kupima uzito wa kila mtoto kila siku, kuhakikisha dang'a imefika tumboni kwa kila mmoja ndani ya siku ya kwanza, kumwita daktari wa wanyama uchungu unapopita kiasi au mama anapotetemeka kwa upungufu wa kalsiamu, na nje ya hayo kumwachia mama aitafute namna yake mwenyewe ya kulala na kunyonyesha, hata ikiwa katika siku mbili za kwanza anaonekana kuwa hajui afanyalo.